Fundi na Mwalimu: Waliofundisha Ushonaji Shinyanga na Maneno Waliyotuachia

1. Utangulizi

Kazi ya kuandaa istilahi kwa kawaida huanzia kwenye kitabu. Kitabu chenyewe mara nyingi kimeandikwa kwa lugha ya kigeni. Tunaorodhesha maneno yake, tunayatafutia maneno ya Kiswahili, na orodha ikishakamilika tunaipeleka kwa watumiaji. Utaratibu huo una manufaa yake, na katika fani kadha wa kadha hapakuwa na njia nyingine. Lakini zipo fani ambazo watu wetu walikuwa wakifundishana kwa Kiswahili kabla hapajakuwa na orodha yoyote. Ushonaji ni mojawapo. Anayeianza fani hii kwenye kitabu anaianzia mwishoni.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya watu waliofundisha ushonaji katika eneo la Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita: walikotoka, njia walizopitia hadi wakawa walimu wa wengine, na maneno waliyoyaacha katika lugha. Hoja yetu ni kwamba neno fundi tangu awali lilikusanya mambo mawili, yaani kuijua kazi na kumfundisha mtu mwingine kazi hiyo. Kwamba historia ya karne iliyopita iliyatenganisha mambo hayo mawili. Na kwamba mtunga istilahi asiyelifahamu jambo hili aweza, bila kukusudia, kumnyima fundi haki yake.

Yafaa tueleze pia mipaka ya eneo tunalolizungumzia. Mkoa wa Shinyanga wa leo ni mdogo kuliko ule wa zamani. Ni mwezi Machi 2012 ambapo Bariadi, Maswa na Meatu ziliingia katika mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe na Mbogwe zikaingia katika mkoa mpya wa Geita. Mafundi hawakuifuata mipaka hiyo. Walifuata reli, pamba, almasi na dhahabu, yaani walifuata mahali penye fedha ya kununulia nguo.

2. Shina la neno

Katika Kiswahili, kufunda ni kumpa mtu mafunzo ya maisha. Kungwi humfunda mwali. Kutokana na shina hilo tunayo maneno fundisha, funza, funzo, mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi. Na katika ukoo huohuo ndimo tunamoliona neno fundi. Kamusi za mwanzo, kama ile ya A. C. Madan iliyotolewa mwaka 1903, zilimweleza fundi kuwa ni mtu mwenye ujuzi wa kazi fulani, ambaye kwa sababu hiyo aweza kuwafundisha wengine. Kwa maana hiyo, mtu anayejua kazi lakini hana uwezo wa kuirithisha alikuwa bado hajatimia kuwa fundi.

Neno mwalimu lilikuja kwa njia nyingine. Limetoka katika Kiarabu, likakaa kwanza katika vyuo vya Kurani, kisha shule za wamisionari na za serikali ya kikoloni zikalichukua. Tangu hapo mwalimu akawa mtu wa darasa, ubao na mshahara, na fundi akabaki mtu wa chombo na kazi. Mgawanyo huo haukuwamo katika lugha. Uliletwa na shule.

Msamiati wa ushonaji wenyewe unaonyesha jinsi ujuzi huu ulivyokusanywa kutoka pande nyingi. Shona na uzi ni maneno ya Kibantu. Mkasi na bitana yametoka katika Kiarabu. Foronya ni ya Wareno. Neno cherehani hufuatiliwa hadi kwenye neno la Kiajemi charkh, maana yake gurudumu, na jamaa yake wa karibu ni cherehe, yaani chombo cha kunolea kinachozunguka. Tena wasemaji wa Kiswahili hawakulipokea neno hilo kama mgeni: kwa kuwa linaanza kwa ch-, walilipeleka katika ngeli ya KI-VI, likapata wingi wa vyerehani, kama vile chakula na vyakula. Hakuna kamati iliyokaa kuamua jambo hilo. Waliamua wenye vyerehani.

Pwani ilikuwa pia na maneno ambayo leo bara yamekuwa mageni. Darizi lilihusu kutia nakshi kwa sindano, na pia kushona pamoja tabaka za nguo zilizowekewa pamba katikati. Mfarishi ulikuwa tandiko nene lililoshonwa kwa namna hiyo. Tumeyataja maneno haya mawili kwa makusudi. Shinyanga ni nchi ya pamba, lakini pamba yake kwa muda mrefu ilichambuliwa, ikafungwa marobota na kusafirishwa, na nguo ikarudi dukani ikiwa jora. Mtu aliyeilima hakuwa na nafasi ya kuijaza katika mfarishi, na neno halikupata pa kukaa.

3. Njia ya kwanza: baraza la duka

Ushonaji wa cherehani katika miji midogo ya Usukuma ulikua pamoja na duka. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga, na kilimo cha pamba kilikuwa kikienea. Mkulima alipopata fedha ya pamba alikwenda dukani. Ndani ya duka, ambalo mara nyingi lilikuwa la Mhindi, kulikuwa na majora ya merikani, kaniki na khaki. Nje, barazani, alikaa fundi na cherehani chake cha miguu. Mteja alinunua kitambaa ndani kwa wari, akatoka nje, akapimwa, akaambiwa siku ya kurudi.

Neno merikani lenyewe ni ushahidi wa safari ndefu. Nguo hiyo ya pamba isiyopaushwa iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, ikapanda bara na misafara hadi Unyamwezi na Usukuma. Watu waliipa nguo jina la nchi ilikotoka, na jina likabaki hata pale nguo ya aina hiyo ilipotoka kwingine.

Fundi wa barazani mara nyingi hakuwa na cherehani chake mwenyewe. Kilikuwa cha mwenye duka, naye alilipa kwa kazi au kwa sehemu ya mapato. Baadhi ya mafundi wa mwanzo walikuwa Wahindi, wengine watu wa pwani na wa Tabora. Na vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi waliingia kwao wakiwa wasaidizi. Huko ndiko ilikokuwa shule ya kwanza ya ushonaji katika eneo hili, ingawa hapana aliyeiita shule.

Mafunzo yake yalikuwa na utaratibu unaoeleweka. Kijana alianza kwa kufagia vipande, kuwasha pasi ya mkaa na kutunga uzi katika sindano. Baadaye alipewa vifungo na mapindo, kazi ya mkono. Kisha aliruhusiwa kukanyaga cherehani kisicho na uzi, juu ya karatasi au kitambaa chakavu, mpaka miguu na mikono ikapatana. Zikafuata nguo zenye mishono iliyonyooka, kama mifuko na kaptula, halafu shati, na suruali ikaja nyuma sana kwa sababu ya kiuno chake. Kukata kulikuwa mwisho wa yote. Mkasi haukuachiwa mtu upesi, kwa kuwa mshono ulioharibika hufumuliwa, bali kitambaa kilichokatwa vibaya hakina marekebisho. Mtu aliweza kushona miaka miwili barazani bila ya kukata hata shati moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kijana aliinama.

Mafunzo hayo yalitumia maneno machache. Fundi alisema tazama, na kijana akatazama. Hata hivyo maneno yaliyotumika yalikuwa mafupi na hayakumchanganya mtu: shikiza, kunga, fumua, geuza, piga pasi. Maneno ya vipimo na ya mitindo yaliingia kadiri mahitaji yalivyokuja. Katika miaka ya 1970 ilipopendwa suti ya mikono mifupi iliyovaliwa na Rais wa Zambia, mafundi waliiita kaunda suti, na jina hilo likaingia katika lugha bila kuomba ruhusa.

Kazi ya barazani ilipanda na kushuka pamoja na uchumi wa nchi. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977 ulileta watoto wengi shuleni, na kila mtoto alihitaji sare. Januari ikawa mwezi mkubwa wa mafundi, na ungali hivyo. Mapema miaka ya 1980 vitambaa viliadimika. Biashara ilipolegezwa mwaka 1984 mitumba ilianza kuingia kwa wingi, na fundi aliyezoea kushona nguo mpya akajikuta akipunguza viuno, akifupisha miguu ya suruali na kutia viraka. Wengine walihama. Kama vile mgodi wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa mwaka 1940, ulivyowavuta mafundi kwenye mji wa mishahara, ndivyo uchimbaji mdogo wa dhahabu ulivyowavuta baadaye kwenda Nyarugusu na Katoro, na ndivyo ulivyofanya mji wa Geita, ambao mgodi wake ulifungwa mwaka 1966 na mgodi mkubwa mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Kila alikohamia fundi, baada ya muda kijana alisogea karibu na cherehani chake, na shule ikaanza upya.

4. Njia ya pili: darasa la kina mama

Baraza lilikuwa mahali pa wanaume. Wanawake walifika kwenye sindano kwa njia nyingine, nayo ilikuwa misheni.

Mapadri Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Africa Inland Mission ilijenga kituo chake Kolandoto karibu na mji wa Shinyanga, mahali panapojulikana zaidi kwa hospitali. Wamaryknoll walikuja Shinyanga katika miaka ya 1950, na jimbo la Kikatoliki likapewa jina la Shinyanga mwaka 1956. Katika misheni za namna hiyo, mafunzo ya wasichana na ya wake za walimu na wainjilisti hayakukosa sindano. Jambo hili halikuwa la Usukuma peke yake. Huko Mbweni, Unguja, wasichana waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kushona tangu miaka ya 1870. Na tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, ilihimiza elimu ya wasichana iegemee kazi za nyumbani.

Utaratibu wa darasa hilo ulikuwa kinyume cha ule wa barazani. Mwanamke alianza na kitambaa cha mazoezi, akishona mistari ya mishono mbalimbali kwa mkono, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja ukiwa na jina lake. Cherehani kilikuja mwisho, kama kilikuwapo. Kukata kulifundishwa mapema, kwa karatasi ya kigezo. Maneno yalikuwa mengi, kwa sababu mwalimu alikuwa na kitabu. Lakini mengi kati ya hayo yalikuwa ya kigeni, au yalitafsiriwa papo hapo na mtu ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake.

Tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika lengo. Kijana wa barazani alifundishwa ili apate riziki. Mwanamke alifundishwa ili nyumba yake iwe nadhifu, na somo lake liliitwa maarifa ya nyumbani. Hata alipokuwa hodari kuliko fundi wa dukani, hapakuwa na mtu aliyemwita fundi.

Baada ya uhuru mambo yalianza kubadilika. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ambao baadaye ukawa wa Tanzania, uliundwa mwaka 1962. Vikundi vya ushonaji vikawa miongoni mwa miradi ya kawaida ya wanawake vijijini, na mtumishi aliyevitembelea alijulikana kama Bibi Maendeleo. Wengine wa watumishi hao walipata mafunzo Buhare, Musoma. Kisha, kuanzia mwaka 1968, mikoa minne ya kandokando ya Ziwa Victoria, yaani Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na Shinyanga, ilichaguliwa kwa majaribio ya kisomo chenye manufaa yaliyosaidiwa na UNESCO. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao: pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe, na pia mambo ya nyumbani. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Kwa historia ya lugha, majaribio hayo yana umuhimu wa pekee. Yalikutanisha sindano na kalamu. Mwanamke ambaye mchana alijua kukunga pindo, jioni alijifunza kuandika neno pindo. Na kwa kuwa walimu wengi wa kisomo walikuwa watu wa kijijini hapohapo, aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua. Maana ya zamani ya neno fundi ilirudi kwa muda, ingawa neno lenyewe halikutumika.

5. Njia ya tatu: chuo na cheti

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la mwaka 1974 ziliifungulia kazi ya mikono mlango wa shule. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973. Sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ilipitishwa mwaka 1974. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, na Buhangija, katika mji wa Shinyanga, ikapata chuo chake. Mwaka 1994 ikaundwa VETA. Ushonaji ukawa na muhtasari, mtihani na cheti. Na mwalimu wake akawa na chuo cha kumwandaa, kilichoko Morogoro.

Jina la somo nalo lilibadilika, na badiliko hilo lastahili kuangaliwa. Shuleni, maarifa ya nyumbani yalipewa jina la sayansi kimu. Kukimu ni kutosheleza mahitaji ya maisha. Neno limetoka katika Kiarabu na lilikuwa limelala katika kamusi kwa muda mrefu. Wapo waliolilalamikia kuwa ni gumu. Sisi twaona lilikuwa teuzi zuri, kwa kuwa lilitoa somo ndani ya kuta za nyumba na kulihusisha na riziki. Baadaye katika shule za msingi likaja jina la stadi za kazi, ambalo mvulana na msichana huingia sawasawa.

Hata hivyo, jina zuri la somo haliondoi fikra za watu. Kwa miaka mingi ushonaji umekuwa mahali anapopelekwa msichana ambaye shule imemwacha. Shinyanga kwa muda mrefu imetajwa miongoni mwa mikoa yenye ndoa nyingi za utotoni, na hadi Novemba 2021, Serikali ilipowaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida, aliyepata mimba shuleni alikuwa na milango michache. Mmoja wapo ulikuwa chumba cha vyerehani. Si haba: wapo wanawake waliotoka katika vyumba hivyo wakaweka meza zao sokoni, na leo barazani, mahali palipokuwa pa wanaume, mwanamke mwenye cherehani si ajabu tena. Lakini kuifanya kazi hii kuwa kimbilio tu kuliwafanya watu waamini kwamba haina elimu ndani yake. Anayefikiri hivyo na ajaribu kukata mkono wa shati ukae sawa begani. Atakutana na hesabu.

Njia ya tatu ndiyo iliyomaliza kutenganisha fundi na mwalimu. Chuoni alihitajika mtu mwenye cheti. Fundi wa barazani mwenye miaka thelathini ya kazi, aliyewatoa vijana kumi na zaidi, aliweza kuitwa kuonyesha jinsi ya kukata koti, lakini hakuweza kuandikwa kuwa mwalimu. Aliyekuwa akifundisha hakuwa na jina la kazi hiyo. Na mwenye jina, mara nyingine, alikwenda kwake kujifunza.

6. Kitu kimoja, majina matatu

Njia hizo tatu zimetuachia misamiati mitatu. Tutoe mfano mmoja tulioushuhudia. Katika kupitia rasimu ya orodha ya maneno ya ushonaji tulikuta maelezo haya: mshono wa awali wa muda. Maelezo si mabaya, yanaeleweka. Tuliyachukua hadi kwa fundi mmoja mzee katika mji wa Shinyanga, aliyefundishwa kazi na mtu wa Tabora, tukamwomba atueleze yeye huuitaje mshono huo. Alitutazama kidogo, kisha akasema, "Wanangu, hiyo si bandi? Kabla ya kushona unapiga bandi. Kumbe huko kwenu haipo?"

Ipo. Iko katika kamusi za Kiswahili tangu zamani. Sisi ndio tuliopita juu yake tukaenda kutafsiri kitabu. Fundi kijana wa meza ya jirani yeye alisema kushikiza. Na mwalimu wa darasa la ushonaji tuliyezungumza naye siku ya pili alitumia neno la kigeni alilolisoma chuoni. Watu watatu, kitu kimoja, na kila mmoja anaijua kazi kikamilifu.

Mifano mingine ni mingi. Karatasi inayofuatishwa katika kukata huitwa patani sokoni, na kigezo katika Kiswahili sanifu. Utepe wa kupimia huitwa futi au futikamba na mafundi, nao hauwachanganyi na kipimo cha futi hata mara moja. Kifaa cha kukinga kidole kina majina mawili, subana na kastabini, na vijana wengi hawalijui hata moja kwa sababu hawakitumii. Neno bitana pekee tuliliona limesimama mahali pote bila ya mpinzani.

Msomaji aweza kuuliza kama jambo hili lina uzito wowote. Fundi haendi kazini kwa kamusi. Ana haja gani na istilahi? Jibu ni kwamba sasa anayo haja. Katika miaka ya karibuni VETA imekuwa ikirasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, yaani kumpima mtu aliyejifunza kazi mitaani na kumpa cheti anapofaulu. Kwa fundi wa barazani huo ni mlango ambao hapo awali haukuwapo. Kwa cheti hicho aweza kuomba zabuni ya sare, aweza kuomba mkopo, na hata kufundisha akiwa na jina la kazi anayoifanya. Lakini upimaji wowote una maswali, na maswali yana maneno. Fundi akiulizwa kwa neno lililoundwa ofisini ambalo hajapata kulisikia, akanyamaza, ataandikwa kuwa hajui. Kwa hakika atakuwa ameshindwa na lugha, si na kazi. Tena lugha yenyewe ni ile anayoitumia tangu asubuhi hadi jioni. Kosa litakuwa letu, na hasara itakuwa yake.

Utaratibu wa kutafuta istilahi unafahamika: tunaanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, tunakwenda kwenye lugha nyingine za Kibantu na za nchi yetu, ndipo tunapogeukia lugha za kigeni. Twapendekeza kwamba katika fani za mikono, hatua ya kwanza ihesabiwe kuwa haijatimizwa mpaka mafundi wenyewe wawe wamesikilizwa. Baraza la fundi nalo ni mahali pa lugha, kama ilivyo lahaja ya Mvita au ya Pemba. Na pale ambapo pana majina mawili yaliyo hai, kama bandi na kushikiza, moja liwe sanifu na la pili litajwe kando yake, ili anayepimwa alitambue swali.

Kuhusu jina la mtu mwenyewe, hatuoni haja ya kuunda neno jipya. Wapo waliopendekeza mwelekezi na mkufunzi wa mitaani. Mtu anayeijua kazi na kuwafundisha wengine ana jina tayari katika Kiswahili, nalo ni fundi. Linalotakiwa ni kulirudishia maana yake kamili katika kamusi na katika nyaraka, ili mtu atakaposema amejifunza kwa fundi ieleweke kwamba amefundishwa.

7. Maneno tunayoyapendekeza kwa mjadala

Maneno yafuatayo tumeyakuta katika kamusi, vinywani mwa mafundi, au kote kuwili. Tunayaweka hapa ili wasomaji wayapime.

Bandi: mshono mrefu mrefu wa mkono wa kushikilia vipande kabla ya mshono wa kudumu. Kupiga bandi, pia kushikiza.

Bitana: kitambaa cha ndani kinachoshonewa nguo.

Darizi: kushona pamoja tabaka za nguo zenye pamba au kijazio katikati, pia kutia nakshi kwa sindano.

Futikamba: utepe wa kupimia.

Kigezo: karatasi au kitambaa kinachofuatishwa katika kukata, sokoni, patani.

Kunga: kupinda ukingo wa nguo na kuushona. Matokeo yake ni pindo.

Mfarishi: tandiko nene lililodariziwa. Laweza pia kutumika kwa shuka nene linaloungwa kwa vipande vya nguo vinavyobaki mezani.

Mshazari: mkato unaokwenda upande, usiofuata uzi wa kitambaa.

Rinda: mkunjo wa kitambaa unaoachwa ili nguo iwe na nafasi, wingi, marinda.

Subana: kifaa cha kukinga kidole wakati wa kushona, pia kastabini.

Orodha hii ni fupi kwa sababu hatukutaka kuweka neno ambalo hatuna hakika nalo. Ni matumaini yetu kwamba wasomaji walioko Shinyanga, Kahama, Geita na kwingineko, hasa wale wenye fundi jirani, watatuletea maneno mengine pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika. Tunaomba wasiyatafute vitabuni. Waende barazani, waketi, waulize kazi inavyofanywa, na waandike wanavyosikia. Mzee aliyetukumbusha bandi hakutudai chochote. Alirudi kwenye cherehani chake, na kijana aliyekuwa ameketi kando yake akaendelea kutazama.